Yeye Ulaini, Mimi Mbio

Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzako mmeshawahi kununiana siku tatu kwa sababu ya gari ambalo hata hamjalinunua, karibu, vuta kiti. Hapa umefika kwenu.

Ilikuwa Machi 2025. Mimi na mume wangu tuko mwaka wa saba wa ndoa, tunaishi Goba, tuna Harrier yake iliyochoka kiasi na IST yangu iliyochoka kabisa. Siku hiyo foleni ya Mwenge ilikuwa imenitoa roho. Nafika nyumbani namkuta kakaa mezani na kompyuta, hata kiatu hajavua. "Mke wangu," ananiambia, "tuuze IST. Tuchukue gari la umeme."

Nilicheka. Mtu ambaye akisahau kununua LUKU tunalala giza, leo anataka kuendesha LUKU barabarani! Lakini alikuwa ameshapiga hesabu zake, na wiki mbili baadaye tulikuwa na majina mawili tu kwenye karatasi iliyobandikwa friji: Jaguar I-Pace na Audi e-tron. Yote mawili marefu ya kukaa kwa juu, yote ya kifahari, yote ya umeme mtupu. Mapya hatuyawezi, tusidanganyane. Yaliyotumika Uingereza ndiyo yalikuwa saizi yetu. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na magari ya aina hii yanashuka bei kule kama maembe ya Desemba. Hela ya kuanzia ilikuwepo, nyingine benki. Nitarudi kwenye hiyo hela.

Tuanze na la kwangu.

I-Pace iliingia sokoni mwaka 2018, ikitengenezewa Graz, Austria, na mwaka 2019 ilichukua taji la Gari Bora la Mwaka la Ulaya na la dunia. Ina mota mbili, moja mbele moja nyuma, nguvu za farasi 400, na kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa inatumia sekunde 4.8. Hizo nilizisoma nikaona ni namba tu. Mimi nimesomea mawasiliano ya umma, sekunde kwangu ni za tangazo la redio.

Rafiki wa mume wangu anaye huyo mnyama, anakaa Masaki. Jumapili moja asubuhi akanirushia funguo: "Shem, zunguka nayo, usiogope." Nikapita Coco Beach polepole kama maharusi, nikaingia Daraja la Tanzanite, mbele hakuna gari hata moja, bahari huku na huku. Nikakanyaga mafuta. Samahani, umeme. Jamani! Hakuna mngurumo, hakuna kubadilisha gia, ni kama mtu kakusukuma mgongoni bila kukuambia. Kichwa kikarudi kwenye kiti, na mimi nikapiga kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia kwangu muda mrefu. (Askari wa usalama barabarani, hii aya haikuhusu.) Ukiachia kanyagio tu gari linajivuta lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, hata breki unaisahau. Niliporudi Masaki mikono ilikuwa inatetemeka kwa raha. Mume wangu alikuwa kimya kiti cha pembeni. Nikadhani kaogopa.

Sasa la kwake. Audi e-tron nayo ni ya wakati uleule, ilizinduliwa 2018, ikitengenezewa Brussels. Tuliikuta kwenye yadi moja, rangi ya kijivu, sura ya mwalimu mkuu. Zaidi ya kilo 2,400 za uzito, nguvu zake si haba, sekunde 5.7 hadi 100, lakini haina haja ya kukuonyesha. Shokapu zake ni za hewa na zinakuja nazo magari yote ya aina hiyo, wakati kwenye I-Pace za hewa zilikuwa za kulipia zaidi na nyingi unazozikuta sokoni zina springi za kawaida. Dalali akatuachia tuzunguke nayo Mikocheni, halafu mume wangu akaikata makusudi kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo. Ndani kimya. Si kimya cha kawaida, ni kimya cha maktaba. Bodaboda alipita anapiga honi, tukamwona mdomo unachezacheza tu.

"Unaona?" akaniambia. "Unaona ulaini huu?"

Niliuona. Na nilichukia.

Nyumbani tukaanza vita ya karatasi. Mimi nikaleta umbali. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani, ambacho ni kigumu kuliko kile cha Ulaya, I-Pace ya mwanzo ilipewa maili 234 kwa chaji moja, kama kilomita 376. E-tron ya mwaka uleule ilipewa 204, yaani kama 328. Kwa mama mkwe Tanga ni kilomita 350 hivi kupitia Chalinze. "Kwa hiyo," nikamwambia, "langu linafika kwa mama yako, lako linalala njiani tunaomba waya kwa watu." Akajibu kwamba kwenda Tanga tutatumia Harrier, gari la umeme ni la mjini, na kama nataka kuleta karatasi basi nilete zote. Akaleta yake: mwaka 2023 Jaguar iliita I-Pace zaidi ya 6,000 kule Marekani kwa sababu ya hofu ya betri kushika moto. Akaongeza kuwa I-Pace wameshaacha kuitengeneza. Nikamwambia na kiwanda chenu cha Brussels kimefungwa Februari hii hii, kwa hiyo tukae kimya wote.

Umeme wenyewe haukutugombanisha, na hapa nitakupa hesabu ikusaidie kama unafikiria jambo hili. Uniti tulikuwa tunanunua kwa shilingi 356 hivi. Betri ya I-Pace ni kilowati-saa 90, ya e-tron 95, na katika kuchaji kuna unaopotea njiani, kwa hiyo weka uniti 100 kujaza kutoka sifuri. Ni kama shilingi 35,600. Tangi la Harrier lilikuwa linakula zaidi ya laki moja na nusu. Fundi umeme akaja, akakagua waya, akasema tukitumia soketi ya kawaida ya ukutani tutachaji karibu siku mbili, tufunge chaja ya kilowati 7 yenye njia yake peke yake, ndipo itajaa usiku mzima mpaka asubuhi, saa kumi na tatu hivi. Nikauliza na ukikatika? Mume wangu akanijibu kwa Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mitambo tisa, kama vile kaijenga yeye. Fundi akacheka, akasema, "Mama, ukikatika utachaji kesho yake. Kwani mnasafiri kila siku?" Yule fundi ana hekima kuliko sisi wote wawili.

Kilichotugombanisha kilikuwa kiti cha nyuma.

Jioni moja ananionyesha picha za ndani ya e-tron, anasema, "Angalia nyuma palivyo na nafasi. Mtu analala kabisa." Basi tu. Maneno yenyewe ndiyo hayo. Nikafunga kompyuta kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka.

Msomaji wangu, nilikuambia nitarudi kwenye hela. Ile hela ilikuwa na jina. Tuliifungulia akaunti mwaka 2020, na jina lake halikuwa gari. Tulipoteza mimba mwaka 2019, tukapoteza nyingine mwaka 2022, hii ya pili ikiwa na miezi mitano. Hela ilikuwa ya matibabu ya kupandikiza mimba. Tulijaribu mara moja, ikashindikana. Mwishoni mwa 2024 tukakaa tukakubaliana tupumzike. Tulisema kupumzika, hatukusema kuacha, na hakuna kati yetu aliyemuuliza mwenzake tofauti yake ni nini. Miezi mitatu baadaye ndiyo mtu ananiambia tuuze IST.

Kwa hiyo aliposema nyuma pana nafasi, mimi nilisikia kiti cha mtoto. Nilisikia mama mkwe, mawifi, na wale wanawake wa vikoba wanaoniangalia tumbo kabla ya kunisalimia. Nikamwambia mambo. Nikamwambia, "Umenidanganya tunapumzika, kumbe unaandaa viti. Mimi nataka gari la watu wawili. Sisi ni watu wawili!" Akataka kusema kitu, akanyamaza, akaenda kuokota vipande vya kikombe.

Siku tatu. Shikamoo na marahaba ya nyumba nzima ilikuwa kwa mlinzi peke yake. Kazini nilikuwa nahariri makala ya kurasa za mahusiano, eti jinsi ya kuongea na mwenzio mkitofautiana, nikaipitisha bila kugusa koma.

Siku ya tatu usiku nimelala nimempa mgongo. Akasema gizani, "Yapo ishirini na matatu."

Sikujibu.

"Matuta. Kutoka hapa getini mpaka hospitali. Yapo ishirini na matatu."

Usiku ule wa 2022 yeye ndiye aliendesha. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma cha Harrier nimejikunja na khanga mbili, na kusema kweli njia siikumbuki. Nakumbuka taa za hospitali na nesi mmoja aliyenishika mkono. Yeye njia anaikumbuka yote. Akaniambia kila tuta alipokuwa analikaribia alikuwa anapunguza mpaka gari linakaribia kuzimika, na bado kila tuta nililia. Akienda haraka naumia, akienda polepole tunachelewa. Hakujua afanye lipi. Alianza kuhesabu ili asipige kelele na yeye. Tangu usiku huo, kila asubuhi akipita njia ile kwenda kazini anahesabu. Miaka mitatu.

"Sikuwaza mtoto," akasema. "Nilikuwaza wewe umelala pale nyuma."

Nilimgeukia. Tulikaa macho mpaka adhana ya alfajiri, tukaongea mengine ambayo si ya gazetini. Katika hayo nilimuuliza kwa nini siku ya Tanzanite alikaa kimya vile. Akasema alikuwa ananisikiliza ninavyocheka, na alikuwa anajisikia vibaya kwa sababu ameshaamua kunipinga.

Sasa usidhani asubuhi nilitoka kitandani naimba sifa za e-tron. Nilijaribu njia ya katikati. Nilitafuta I-Pace yenye shokapu za hewa, maana zipo, ila lazima uthibitishe kwa namba ya chasisi gari moja moja, usitegemee picha wala maneno ya muuzaji. Nilipata mbili. Moja ilipanda bei kuliko uwezo wetu. Ya pili ilikuwa ya 2019 na hakuna aliyeweza kunionyesha karatasi za historia yake ya betri, na kwa gari la umeme lililotumika, betri ikikufia umenunua banda la kuku la gharama. Nikafuta jina kwenye karatasi ya friji kwa mkono wangu mwenyewe. Roho iliniuma, na mpaka leo Jaguar likinipita Masaki nageuza shingo.

Nilitoa sharti moja: mwendeshaji mkuu ni mimi.

Gari lilichukua karibu miezi miwili kufika bandarini, ushuru ukatukausha kabisa, na akaunti yetu ya mwaka 2020 sasa ina salio la kununulia nyanya. Hatujaifunga. Benki walituuliza kama tunataka kuifunga, tukaangaliana, tukasema iacheni tu.

Siku ya kwanza usiku nilimwambia twende tukazunguke. Hakuniuliza wapi. Nikatoka getini nikashika njia ileile, yeye pembeni, madirisha yamefungwa, kimya kile cha maktaba. Tuta la kwanza gari lilipanda na kushuka kama pumzi. La pili. La tatu. Kwa jicho la pembeni nikaona midomo yake inacheza, anahesabu. Nikanyamaza. Tulipofika penye kona ya maduka nikaona barabara mbele ni nyeupe, nikakanyaga kidogo, si sana, hiyo 5.7 nayo inasukuma bwana, akashika mlango, akasema, "We mwanamke!" Nikacheka. Tukapita matuta mengine mawili matatu.

Hospitali ilipoonekana nikamuuliza umefika ngapi.

Akasema amepoteza hesabu.