Maji Safi ya Birika Letu

Katika chumba cha walimu cha shule yetu, hapa Bujumbura, tuliweka birika la kioo la lita 200, na ndani yake samaki kumi na wawili wa jamii iitwayo Tropheus, ambao mvuvi mmoja alituletea kutoka pwani ya mawe upande wa Rumonge. Samaki hawa hawapatikani kwingine ila Ziwa Tanganyika, ambako hukwangua mwani juu ya majabali. Baada ya miezi kadhaa mawe yetu nayo yakaota utando wa kijani. Mkaguzi alikuwa akitarajiwa. Kwa kuona haya tuliyamwaga maji yote, tukayasugua mawe na kuuosha mchanga, kisha tukalijaza birika kwa maji ya bomba. Yaling'aa hata ungedhani birika li tupu. Jioni ile ile samaki watatu walielea matumbo juu. Hata wiki ilipokwisha, walisalia wawili.

Mwanafunzi mmoja akatuuliza, "Walimu, kama maji yalikuwa safi, wamekufa kwa nini?"

Sisi tufundishao lugha hatukuwa na jibu. Neno "safi" tulikuwa tukilitumia kwa kitu kionekanacho kwa macho, wala hatukujiuliza ni safi kwa nani.

Mwenzetu wa biolojia ndiye aliyetufumbua macho. Maji ya bomba ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka ziwani humo humo, lakini hutiwa klorini tusipate maradhi. Na klorini hiyo imlindayo mtoto huyaunguza matamvua ya samaki. Tena, kwa kuosha kule tuliwaangamiza bakteria waliokuwa juu ya mawe na mchangani. Hao ndio waliokuwa wakiigeuza amonia, itokayo mwilini mwa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni machache.

Hapo ndipo penye kitendawili. Maji ya Tanganyika ni magumu (wanafunzi hulicheka sana neno hili), na pH yake ni kama 8.6 hadi 9. Katika maji ya pH 7, amonia iliyo sumu kali haifiki hata sehemu moja katika mia ya amonia yote. Katika pH 9, kwenye joto la nyuzi 25, huzidi theluthi moja. Basi maji yale yale wayapendayo samaki wetu ndiyo yanayoukoleza uchafu wao. Ziwani hawadhuriki, kwa kuwa uchafu huo hupotea katika maji mengi mno: kina chake hufikia mita 1,470 hivi, ingawa chini ya mita 200 hakuna oksijeni wala samaki. Sisi tulikuwa na lita 200 tu.

Hata ziwa lenyewe halikusalimika. Udongo unaoporomoshwa na mvua kutoka milima iliyokatwa miti hutua juu ya majabali na kuuzika mwani, na aina za samaki hupungua mahali hapo.

Siku hizi twaacha maji ya bomba katika ndoo wazi siku mbili, klorini itoke, kisha twabadilisha robo tu ya maji ya birika. Mawe hatuyasugui. Wageni wakiingia hutuuliza mbona hatulioshi, na wanafunzi huwahi kuwajibu kabla yetu.