Washa ya Bomba la Nje



Nyumba yetu ya malezi ina mabomba mengi, lakini lenye wategemezi wengi kuliko yote liko nje ya ukuta, karibu na geti. Hapo ndipo majirani zetu wanapochota maji wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za vuli. Mwaka huu koki ya bomba hilo ilianza kuvuja. Chini yake pakawa tope, na maji yaliyokuwa yakimwagika ni ya kununua, yanayoletwa kwa boza. Padre anayesimamia matumizi ya nyumba akatuambia wazi kwamba hali ikiendelea hivyo, bomba litafungwa mpaka mvua zinyeshe. Sisi mafrateri wanne wa mwaka wa pili wa falsafa tukamwomba atupe siku mbili.

Usiku wa kwanza tulipima. Tuliweka ndoo chini ya koki saa tatu usiku, tukaiondoa saa kumi na moja alfajiri, kabla ya Masifu. Ndani mlikuwa na lita nane, yaani lita moja kwa kila saa. Kwa siku ni lita 24. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni zaidi ya lita 3,600, na hizo ni ndoo 180 za lita 20. Tulipoiweka hesabu hiyo kwa ndoo, hatukuhitaji maelezo zaidi. Ndoo 180 ni safari 180 za mtu mwenye ndoo kichwani.

Asubuhi tulifunga valvu kubwa ya tanki, kisha tukafungua koki ili maji yaliyobaki kwenye bomba yaishe. Koki ya kawaida si kitu cha kuogopesha. Chini ya kishikio kuna shingo ya shaba inayofunguliwa kwa spana, na ndani yake kuna shina lenye nyuzi kama za skrubu. Ncha ya shina imebeba kipande kidogo cha mpira cha mviringo, na hicho ndicho mafundi wanakiita washa. Ukifunga koki, shina linashuka na kuikandamiza washa juu ya tundu ambamo maji hupita. Kinachozuia maji ni ule ulaini wa mpira unaojaza mdomo wa tundu, wala si nguvu ya mkono.

Washa tuliyoitoa ilikuwa ngumu kama ukucha, na katikati ina mchoro wa duara uliochimbika. Hapo tukaelewa jinsi uvujaji unavyokua. Mpira ukizeeka hukakamaa, na tone la kwanza hupita. Anayefuata kuchota hukaza zaidi, na mdomo wa shaba huukata mpira. Kesho yake matone yanaongezeka, na mwingine anakaza zaidi tena. Kila mmoja anafunga kwa nia njema, na kila anayekaza anaongeza mkato.

Tulikwenda na ile ya zamani mfukoni hadi duka la vifaa vya ujenzi, ili tupate saizi ile ile, ya koki ya nusu inchi. Bei yake haikufika shilingi elfu moja. Kabla ya kuiweka tulipitisha kidole kwenye mdomo wa tundu kuona kama umechimbika, maana shaba ikiwa imelika, hata washa mpya haitadumu. Ulikuwa laini. Tukaifunga washa kwenye shina, tukalizungusha shina mpaka juu ili mpira usikandamizwe wakati wa kukaza shingo, tukarudisha kila kitu mahali pake, na tukafungua valvu taratibu. Kazi yote, ukiondoa safari ya dukani, ilichukua chini ya nusu saa.

Bibi mmoja jirani alikuwa amesimama na dumu lake akitutazama. Akauliza, "Wanangu, sasa hawalifungi tena?" Tukamjibu, "Shikamoo bibi, halifungwi." Akaitikia marahaba, akachota, akafunga koki kwa vidole viwili tu. Tone halikudondoka.

Swali lake limetufundisha kuliko spana. Sisi tulikuwa tunatazama koki, yeye alikuwa anatazama kama atapata maji ya kupikia. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya binadamu. Kwa bibi yule, haki hiyo ilikuwa imeshikiliwa na kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati.

Darasani tumesoma kwamba Aristotle aliliona jambo hili zamani: kitu kinachomilikiwa na wengi hupata matunzo machache zaidi. Mtakatifu Thomas wa Akwino analichukua wazo hilo, lakini haishii hapo. Anasema katika kusimamia mali, ni vema kila kitu kiwe na mtu wake, kwa kuwa mtu hujali zaidi kilicho chini yake. Lakini katika kuitumia, mtu aihesabu kuwa ya wote, awe tayari kumgawia mwenye shida. Kwetu sisi, nusu ya pili ya fundisho hilo ilikwisha kuwapo: bomba la nje ni la wote. Nusu ya kwanza ndiyo iliyokuwa inangoja. Ratiba ya kazi za mikono ilikuwa na zamu ya jikoni, ya bustani, ya kanisa na ya zizi la nguruwe, na bomba la nje halikuwamo.

Sasa limo. Kila mwezi frateri mmoja anaandikwa jina, anafunga na kufungua koki zote za nyumba, ile ya nje kwanza. Akiona maji yanadondoka mdomoni mwa koki, anajua ni washa. Akiyaona yanatoka shingoni, chini ya kishikio, anajua ni ile pakingi inayozunguka shina. Kwenye kopo la stoo kuna washa sita za akiba na spana moja.

Ndugu parokiani, kwenye nyumba ya mapadre, shuleni na zahanati mnayo koki ya namna hii. Wiki hii wekeni ndoo chini yake usiku mmoja, mpime. Kisha jumuiya ikae, imtaje mtu mmoja kwa jina lake, na impe spana.