Kovu na Karatasi

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulidhani methali hiyo ni ya wenye maduka tu. Mzee mmoja wa mtaa wetu wa Mugunga ametufundisha kwamba hata jeraha la mwili lataka daftari.

Mzee huyu alikuwa askari wa jeshi la Zaire. Mwezi wa Mei 1978, waasi walipouteka mji wa Kolwezi katika Shaba, vipande vya kombora vilimwingia pajani. Akapelekwa hospitali huko Lubumbashi, akapona nusu. Tangu siku zile hutembea kwa fimbo. Vyeti vyake alivitunza ndani ya sanduku la bati, nyumbani kwake katikati ya Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto wake ukapita mjini mpaka ziwani, ukaiteketeza hata kathedrali yetu. Mzee alitoka na watoto na fimbo, sanduku likabaki. Ndipo alipohamia huku kwetu, kwenye njia ya Sake.

Mwaka 2023 alitujia jioni moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni. “Mwalimu,” akasema, “nisaidie kuandika. Nataka kudai fidia ya kilema changu kabla sijafa.” Tulikubali upesi, tukidhani ni kazi ya barua moja. Kumbe!

Ofisini tuliambiwa tulete ushahidi wa mambo matatu: kwamba alikuwa askari kweli, kwamba aliumia akiwa kazini, na kwamba kilema chake kipo hata leo. Hayo ni kama mafiga: likikosekana moja, chungu hakikai. La kwanza lilipatikana, maana namba yake ya jeshi aliijua kwa moyo kama Baba Yetu, na wenzake wawili walitia sahihi. La tatu nalo lilipatikana: daktari alimpiga picha ya radio, na vipande vya chuma vikaonekana vimelala karibu na mfupa. Lakini la pili likatushinda. Daktari alisema, “Naweza kuandika kwamba chuma kimo. Siwezi kuandika namna kilivyoingia.”

Basi akatokea mtu mmoja, akatuambia kwamba kwa dola thelathini aweza kutupatia cheti cha hospitali cha mwaka 1978, chenye muhuri wa zamani. Hapa yatupasa kuungama. Hatukumfukuza. Usiku ule tulijiuliza: jeraha ni la kweli, vita ni vya kweli, karatasi ya kweli iliungua, je, karatasi ya bandia inayosema kweli ni uongo? Sisi tuliosoma seminari tulianza kutafuta hoja za kujitetea. Asubuhi tulimweleza mzee habari ile. Alikaa kimya, kisha akajibu: “Mwalimu, mguu huu haujasema uongo hata siku moja. Wakiikuta karatasi ni ya uongo, watasema na mguu ni mwongo.” Tuliona haya.

Halafu akaongeza, kama mtu anayesema jambo dogo: “Jeraha hili ndilo lililonipatia ubatizo. Walidhani nitakufa, wakaniletea padri kitandani.”

Tulishtuka kwa furaha. Maana ubatizo hauachwi bila kuandikwa, hata ule wa mgonjwa mahututi: jina, siku, mahali na aliyebatiza. Tulimwandikia mwenzetu wa seminari, ambaye sasa ni padri Lubumbashi. Alipekua vitabu vya parokia mbili, na baada ya majuma saba akatuletea nakala. Jina la mzee lilikuwamo, tarehe ya mwisho wa Mei 1978, neno “askari”, jina la hospitali, na maneno ya Kilatini: in periculo mortis, yaani katika hatari ya kufa. Kitabu hakikutaja kombora. Lakini pamoja na picha ya daktari na sahihi za wenzake, figa la pili lilisimama. Tulipeleka faili Kinshasa, tukabaki na nakala na karatasi ya mapokezi.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa vita hapa Mugunga, yakaua watu wengi, na watoto kati yao. Mzee alikimbia na fimbo, na safari hii na mfuko wake wa karatasi. Januari 2025 vita viliingia mjini Goma kwenyewe. Jibu kutoka Kinshasa halijafika.

Hata hivyo, tunawafikiria waliojeruhiwa siku ile ya Mei. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeweka misingi ya kuwafidia wahanga wa maovu makubwa ya vita. Huenda siku moja nao wataulizwa: mliumia lini, wapi, nani aliwatibu? Basi, ndugu, msitoke hospitalini bila cheti chenye tarehe na muhuri. Ofisini toeni nakala. Cheti chenyewe kibaki kwenu. Nakala nyingine mwekeni ndugu anayekaa mji mwingine, maana moto na vita havichagui nyumba. Na asiyejua kuandika, jirani yake amwandikie, bila kupunguza wala kuongeza neno. Kumfunga mgonjwa kidonda ni huruma. Kumwandikia kovu lake kwa kweli ni huruma pia.