Nguvu za Gari na Mlima wa Manga

Msomaji, njia ya kupanda Manga wakati wa masika haina huruma kwa gari. Hupinda na kupanda, udongo wake mwekundu hunata na kuteleza, na shehena ni ndizi, chai au watu, pengine vyote kwa pamoja. Kijana mwenye gari huko, apatapo fedha kidogo, fikira yake ya kwanza huwa ni injini kubwa. Simlaumu. Injini hunguruma na mngurumo husifiwa. Ekseli haina sauti mpaka siku ikatikapo.

Hebu tufuate nguvu za injini safarini mwake. Hupita katika klachi, zikaingia katika giaboksi, zikashuka kwa ule mhimili mrefu uitwao propela hadi kwenye difu, nayo difu huzigawa kwa ekseli mbili zinazoshika magurudumu. Ikiwa gia ya kwanza huzidisha nguvu za kuzungusha mara 4, na difu mara 4, basi hufika nyuma zimekuwa karibu mara 16. Nyongeza iliyoonekana ndogo mbele, nyuma ni mzigo mzito. Tena gari tupu huzungusha magurudumu matopeni kabla chuma hakijakatika; gari lililojaa hushika ardhi barabara, na nguvu zikikosa pa kutokea huishia katika chuma kilicho dhaifu kuliko vyote.

Jirani yangu mmoja ana Land Rover ya zamani inayochukua kina mama kwenda soko la Daraja Mbili, Kisii. Alipomwendea fundi kutaka injini kubwa, nilikuwapo.

“Kijana wangu,” fundi akauliza, “ukiiweka, nini kitakatika kwanza?”

Kijana akataja magari ya mashindano. Mzee akacheka. Akasema kwamba mwaka 1963 mbio za Safari zilimalizwa na magari 7 tu, na Peugeot 404 iliyoshinda ilikuwa na injini ya lita 1.6.

Kisha akaonyesha ekseli za nyuma. Nyembamba, ndiyo, lakini gurudumu la gari lile halichukuliwi na ekseli. Ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Utafungua bolti 6, utavuta kipande, utaweka nyingine, au utatia gia ya magurudumu manne uende kwa yale ya mbele.

“Ukiifanya ekseli kuwa nene, hasara itahamia kwenye difu au giaboksi,” akasema. “Giaboksi hainunuliwi kwa fedha za ndizi.”

Kijana alinyamaza alipoambiwa habari ya breki ya mkono. Katika gari lile haishiki magurudumu, bali hushika mhimili nyuma ya giaboksi. Ekseli ya nyuma ikikatika mlimani, na magurudumu ya mbele hayajaunganishwa, waweza kuivuta mpaka mwisho na gari likarudi nyuma pamoja na abiria wote. Mimi nililiona hilo kuwa kubwa kuliko habari zote za injini.

Siku ile alinunua viatu vya breki, sahani ya klachi, na ekseli mbili za akiba. Injini kubwa bado anaitamani, na kila mwezi huiulizia bei. Ekseli amezifunga nyuma ya kiti kwa mpira wa tairi kuukuu, na kando yake ameweka gogo la kuzuia gurudumu.