Buti Lililochanwa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na Kitale bado imejikunyata kwa baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Kwenye stendi ya magari ya Eldoret makanga wanapigania abiria kana kwamba matatu inang'oa nanga sasa hivi. Ukishaingia ndipo unapogundua kuwa nusu ya viti ni vitupu na dereva hayupo.

Mwanamume wa makamo aliketi kando yangu, kapakata mfuko wa plastiki wenye daftari la kliniki, kadi na chapati mbili zilizofungwa kwa gazeti. Miguuni alivaa buti za mpira. La kulia lilikuwa limechanwa kwa kisu kutoka juu hadi kifundoni, kisha likashonwa kwa uzi wa gunia.

"Unaenda Eldoret, mzee?"

"Ampath," akanijibu.

Ukanda huu neno hilo limekuwa jina la mahali, kama vile mtu anavyosema anaenda sokoni. Ni mpango ulioanza mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi zikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakati ambapo kuambiwa una virusi vya ukimwi ilikuwa sawa na kuambiwa kachimbe kaburi lako. Kliniki zake zikasambaa hadi Kitale, Webuye, Bungoma na Busia. Dawa za virusi huyu jirani yangu huzichukua papa hapa Kitale. Cha Eldoret ni kingine: ni mguu.

Tulipovuka Moi's Bridge, jua likianza kupasua juu ya mashamba ya mahindi, ndipo aliponieleza. Yalianza madoa ya rangi ya bilinganya kwenye ugoko. Akadhani ni kuumwa na wadudu wa shambani. Kisha mguu ukavimba ukawa mgumu kama gogo, hata buti likakataa kuingia. Akachukua kisu. "Nilichana buti," alisema, "kwa sababu mguu singeweza kuuchana."

Ilikuwa saratani ya Kaposi. Daktari Moritz Kaposi aliieleza huko Vienna mwaka 1872, lakini virusi vinavyoileta vilikuja kugunduliwa mwaka 1994 tu. Kinga ya mwili ikishaporomoshwa na VVU, saratani hii hupata mwanya. Mara nyingi dawa za VVU peke yake huituliza inapokuwa changa. Ikishakomaa, inataka dawa za saratani juu yake, na hapo ndipo lilipozuka swali lililompeleka mwenzangu kwenye utafiti: dawa ipi?

Kati ya mwaka 2013 na 2018 watu 334 waliandikishwa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Eldoret ilikuwa mojawapo ya vituo, na Dkt. Naftali Busakhala wa Chuo Kikuu cha Moi ni miongoni mwa walioandika matokeo. Wote walipewa dawa za VVU. Juu yake kura ikapigwa: huyu etoposide, yule bleomycin pamoja na vincristine, mwingine paclitaxel.

Mimi iliyonishika zaidi ni etoposide, kwa sababu ni dawa ya kumeza. Fikiria maana yake kwa mtu wa Kiminini au Chwele: unapewa vidonge, unavimeza nyumbani, hakuna kitanda cha dripu. Kama ingefaulu, ingekuwa dawa iliyoshonwa kwa kipimo cha barabara zetu. Haikufaulu. Mwaka 2016 kundi hilo lilifungwa. Baada ya wiki 48, waliokuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa asilimia 20 tu, dhidi ya 50 kwa paclitaxel. Kisha paclitaxel ikaipiku na ile sindano ya dawa mbili, asilimia 64 kwa 44. Iliyoshinda, basi, ndiyo inayotaka mtu apande gari kila wiki tatu na kulala chini ya chupa.

"Wewe kura ilikuangukia wapi?"

"Dripu." Akajipapasa kichwa. "Nywele ziliisha zote. Watoto wakaniita yai."

Siku ya kutia sahihi aliuliza kitu kimoja tu: nikikataa, mtanifukuza? Wakamwambia hapana, atatibiwa kama kawaida, na hata akikubali anaweza kujitoa siku yoyote. Akaweka kidole gumba kwenye wino. Tulipofika Eldoret alishuka polepole, macho yakiwa kwenye kila kidaraja cha mlango. Mguu ulishapungua zamani, lakini vidole vina ganzi; asipotazama anapokanyaga, hajui kama amekanyaga. Hilo nalo ni la dripu. Buti jipya hataki kununua.

Siku mbili baadaye nilikuwa Bungoma, nimepitia Webuye, kwenye kibaraza cha mama mmoja mhudumu wa afya ya jamii. Alinipokea kwa "mulembe" na chai ya maziwa mazito. Nilimwuliza kuhusu hofu ya kutolewa damu kwenye utafiti, maana Afrika Mashariki nzima ilipata kuamini, tangu enzi za ukoloni, kwamba kuna watu wanaonyonya damu za wenzao kutengenezea dawa: pwani wakaitwa mumiani, bara lawama zikawaangukia wazimamoto. Vichupa vya maabara, chenye kifuniko cha zambarau na chenye kifuniko chekundu, havisaidii kuufuta uvumi huo.

Akacheka. "Ya damu yapo, baba, lakini yanaisha ukieleza vizuri. Swali linalonishinda ni moja. Nikimwambia mtu aende Eldoret, hata kama nauli atarudishiwa, ananiuliza: nani atakamua ng'ombe?"

Sikuwa na la kujibu. Utafiti una kalenda yake ya wiki tatu-tatu. Shamba nalo lina yake, na mvua ya Machi haiahirishwi kwa sababu ya miadi ya mtu.

Akaniletea daftari la shule, lile la kurasa 48. Kila ukurasa alikuwa amepiga mistari kwa rula. Upande wa kushoto tarehe za kliniki za watu wake. Upande wa kulia hakuandika jina la dawa wala la daktari. Aliandika nani atabaki na watoto, nani atafungulia mifugo, nani atakamua. Kando ya tarehe 14 palikuwa na jina moja, nalo limekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Huyo amepata kibarua Kanduyi," akasema, akafunga daftari. "Nitaenda kukamua mwenyewe."