Usiku wa Kitaya na mbalamwezi ya Dresden

Jua likizama Kitaya, mkoani Mtwara, kinachobaki kuonekana ni Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, ambako wengi hapa wana shangazi na wajomba.

Mzazi mwenzangu, tafuta kwenye simu yako picha ya mji wa Dresden usiku, iliyochorwa mwaka 1839 na Johan Christian Dahl, Mnorwei aliyehamia Ujerumani. Mwoneshe mtoto. Kuna mto Elbe, daraja, kuba la kanisa la Frauenkirche na mwezi mawinguni. Ninachokipenda ni kwamba usiku ule hautishi. Kanisa lenyewe liliporomoka Februari 1945 mji ulipopigwa mabomu, likajengwa upya na kufunguliwa 2005.

Kitaya nayo iliungua. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mtoto aliyekuwa mchanga wakati ule leo anaenda shule, na hofu yake ameipata kwa masikio, wakubwa wakizungumza wakidhani amelala.

Mtoto anayeogopa giza usimcheke, wala usimnyamazishe kwa "watakuja kukuchukua". (Tunalisema sana hilo, hata mijini.) Mpe karatasi na penseli, au hata kijiti mchangani, achore usiku anavyouona. Wadogo huchora jambo kabla hawajaweza kulisimulia. Uliza tu, "Hapa ni nani? Anafanya nini?" Akijaza karatasi nzima rangi nyeusi, mwache. Lakini akiendelea kushtuka usingizini kwa wiki kadhaa, au akaanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, mpeleke kituo cha afya. Ni tatizo la kiafya kama homa.

Na mtoto mwenye hofu haishi kitandani kwake. Usiku wa manane huamka akamfuata mama, huku nyuma chandarua kikibaki kitupu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na utafiti wa kitaifa wa 2022 uliiweka Mtwara miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi kwa watoto. Kwa hiyo kagua chandarua cha kitanda anachokimbilia, siyo chake tu. Kama ni chembamba kwa watu wawili au watatu, mlaze katikati: ngozi ikigusa wavu, mbu humuuma akiwa nje.