Mgongo wa Baba

Epoksi niliijua kwenye matangi ya maji, sanaa ilikuja baadaye. Hapa Nyarugusu nilikuwa msaidizi wa fundi bomba, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukanda. Tangi likivuja, fundi ananyoosha mkono bila kugeuka, mimi naweka tonge.

Ile epoksi inakuja vipande viwili, kila kimoja na rangi yake. Unakata kiasi sawa kwa sawa, unakanda kama unga wa maandazi mpaka rangi mbili zipotee, ibaki moja. Ukiona mistari, bado. Sehemu ambayo haikuchanganyika haigandi, na maji yatapita hapo hapo. Lakini ukishachanganya, wakati umeanza kukimbia, haukungoji.

Siku moja tukiwa tunapumzika nilichezea kipande kilichobaki, kikatoka kichwa cha mbuzi. Fundi akacheka: “We, uko unachezea dawa ya tangi?” Kesho yake kile kichwa kilikuwa kigumu kama jiwe. Miye udongo nimeufinyanga tangu utoto kule Baraka, ila udongo bila moto unapasuka. Hiki hakikuwa na ufa hata mmoja.

Hapo ndipo nikaanza. Vifaa vyangu ni spoku ya baiskeli niliyoinoa, sindano ya kushonea, na kikombe cha maji, kwa sababu chombo kikavu kinanata. Kwanza nakunja waya wa kufungia, unakuwa mifupa. Navika kiwiliwili, nakiacha kilale usiku mzima, ndipo naweka nguo na mikono. Ukifanya vyote mara moja, unarekebisha uso huku kidole chako kinaharibu mgongo. Na mchana wa jua kali usijaribu: joto linaigandisha upesi. Mimi naamka alfajiri.

Kuna mwaka mdogo wangu alipata jibu la safari ya Marekani. Akaja kwangu jioni, akakaa, hakusema kitu. Halafu: “Yaya, nitengenezee Baba. Sura yake inaanza kunitoroka.”

Baba alikuwa mvuvi kwenye ziwa Tanganyika. Alifariki kabla hatujakimbia, na picha zake zilibaki ndani ya nyumba. Hatuna hata moja. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba.

Nilimtengeneza ameketi, anashona wavu, urefu wake kama kidole. Wavu wenyewe niliuchora kwa sindano, tundu kwa tundu, nikikimbizana na ugumu. Asubuhi nne. Nilipomkabidhi, alimgeuza geuza mkononi.

“Huyu si yeye. Baba hakuwa na mgongo wa hivi.”

Nilikasirika. Nikamwambia wewe ulikuwa mtoto, unajua nini? Akanijibu, “Nakumbuka ananibeba begani mpaka kwenye mtumbwi. Mtu wa mgongo huu angenibebaje?”

Tukapeleka ugomvi kwa Mama. Akaishika ile sanamu karibu na macho, akakaa kimya muda mrefu. “Mikono ni yake,” akasema. “Huo mgongo ulikuja mwaka wa mwisho, ugonjwa ulipomshika.”

Nikaelewa kosa langu. Nilimtengeneza baba niliyemuuguza mimi. Yule wa kabla sikumwona tena kichwani, nilikuwa nimempoteza bila kujua. Na kunyoosha haikuwezekana: epoksi iliyokauka unaweza kuikwaruza na kubandika nyingine juu yake, inashika vizuri, lakini ukiilazimisha kukunjuka inavunjika.

Ilikuwa imebaki kidogo, inatosha mtu mmoja. Nikamwambia mdogo wangu, kaa hapa, nionyeshe. Nikakunja waya, akasema nyoosha, nikanyoosha, akasema zaidi. Nilipovika mgongo, nikamwachia yeye. Akalowesha kidole gumba, akasukuma kutoka kiunoni kwenda juu, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Mabega yalitoka mapana kupita kiasi. Sikugusa. Alama ya kidole chake ilibaki mgongoni, na nilipopiga msasa nikaizunguka.

Aliondoka naye, amefungwa ndani ya soksi. Aliyeinama yuko kwangu, juu ya sanduku, karibu na taa. Siku hizi nikimtazama huwa najaribu kumnyoosha kichwani. Siku nyingine naweza.

Sasa Jumamosi wanakuja watoto watano kujifunza. Wengi wanataka kutengeneza wachezaji mpira, na ni sawa. Sharti langu ni moja: hakuna kukanda bila glovu. Mimi mwanzo nilidharau, baada ya wiki chache vidole vikawasha vikachubuka, na mpaka leo nikiigusa ikiwa mbichi vinawasha. Msasa pia tunapiga kwa maji, na kitambaa puani, maana vumbi lake si la kuvuta. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unafanya kazi ofisi yenye glovu za akiba, tunaomba. Na kama una mtu wako asiye na picha, njoo naye kichwani. Njoo na mwingine anayemkumbuka pia.